Saa Sita Ikae Juu

Kabla ya kuchora saa nilichora magari. Kazi ya brashi nilijifunzia kwenye gereji za Nakuru, ambako matatu za kwenda Nairobi, Eldoret na Nyahururu huletwa kupakwa rangi, na fundi aliyenilea alikuwa na kipimo kimoja cha maandishi: abiria aliyesimama kituoni ayasome gari likiwa linapita. Alinionyesha kwamba tumbo la 6 na kichwa cha 9 viachwe wazi, 7 ilazwe mgongo isije ikadhaniwa 1, na 8 isibanwe kiuno mpaka ikawa doa. Nimeyabeba hayo hadi leo, ijapokuwa eneo la kazi yangu limepungua kutoka ubavu wa gari hadi duara linalovaliwa mkononi.

Ushuhuda wangu ni wa jinsi duara hilo lilivyohamisha mahali ninapoanzia kazi, na jinsi lilivyonirudisha kwenye hesabu ya wakati niliyozaliwa nayo.

Saa janja ikizimwa ni kioo cheusi tu. Sura yake huja kama programu: tarakimu, mishale, tarehe, mapigo ya moyo, chaji, vyote vimepangwa tabaka juu ya tabaka na mtu ambaye huenda hajawahi kufungua saa hata moja. Mimi hutumia Watch Face Studio ya Samsung, ambayo hukupa turubai ya pikseli 450 kwa 450. Miaka ya mwanzo nilitengeneza sura za kuwauzia watu wa mbali: vipimo vya ndege, chuma kilichokwaruzwa, mwezi na mashimo yake. Zilinunuliwa, zikalipa kodi ya nyumba Section 58, na ninazishukuru. Utaratibu wenyewe ulikuwa wa kukaa. Nawasha kompyuta, natazama zinazopendwa wiki hiyo, napanga tabaka, napakia sokoni. Aliyenunua sikumjua, wala hakuna kilichonidai nijue anaitazama saa yake akiwa wapi.

Mjomba ndiye aliyenitoa kitini. Yeye ni soja wa usiku kwenye bohari huko Lanet, na bintiye anayefanya kazi Doha alimletea Galaxy Watch4 aliyokuwa akiivaa mwenyewe. Mjomba akaniita nimpangie. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa kujaribu tu, "Mjomba, sasa ni saa ngapi?" Kioo kilionyesha 22:30. Aliinamisha kichwa, midomo ikacheza kidogo, ndipo akajibu, "Saa nne na nusu." Nikamuuliza alikuwa akihesabu nini.

"Natoa kumi na mbili, nabaki na kumi. Halafu natafuta ng'ambo ya kumi, ni nne. Kwa saa ya mishale, mpwa wangu, macho yalikuwa yanavuka yenyewe. Hii haina ng'ambo."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Kwenye uso wa mviringo, saa sita ni nusu ya duara, kwa hiyo tarakimu ya Kiswahili huwa imeketi kinyume kabisa cha mshale. Mtoto wa darasa la pili huvuka bila kujua kwamba amevuka. Duara lilipoondolewa zikabaki tarakimu nne zenye nukta mbili katikati, jicho lilikosa njia na akili ikaachiwa hesabu. Saa ya kwanza ya mkono ya umeme isiyo na mishale, Pulsar ya kampuni ya Hamilton, iliuzwa Marekani mwaka 1972 kwa dola 2,100, na mvaaji alilazimika kubonyeza kitufe ili tarakimu nyekundu ziwake, maana taa zake zilikula betri. Mwaka 1989 Casio ikatoa F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo wanafunzi, makanga na wakulima wa hapa wanaijua vizuri. Zote mbili ni kazi za ustadi mkubwa. Lakini hakuna iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye siku yake huanza kuhesabiwa kunapokucha, na watu hao ni mamilioni kutoka hapa hadi pwani, achilia mbali Waethiopia ambao nao huhesabu hivyo hivyo.

Hesabu ya kuigeuza ni mstari mmoja. Unaichukua saa ya mashine, unaongeza sita, unatoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka kibaki kilicho chini ya kumi na mbili. Kikibaki sifuri, unaandika 12. Saba inakuwa 1, kumi na tisa inakuwa 1. Niliiandika asubuhi nikiwa sijanywa chai. Kazi yote iliyobaki ilikuwa nje ya nyumba.

Nilianza kwenda Lanet usiku. Nilitaka kuona ni wakati gani hasa Mjomba huitazama saa, na kwa mwanga upi. Nikajifunza mambo ambayo kompyuta isingeniambia. Soja hapendi kuwaka: kioo kinachomulika mkononi humwonyesha mwizi mahali mlinzi aliposimama, na huyaacha macho ya mlinzi mwenyewe na kiza kwa muda. Mwanga mwekundu hafifu hauyaharibu macho yaliyozoea giza. Kwa hiyo sura ya usiku ikawa nyeusi tupu na tarakimu nyekundu. Nyeusi hiyo ilitusaidia mara mbili, kwa kuwa kwenye kioo cha AMOLED kila pikseli hujiwashia taa yake, na iliyo nyeusi haili chaji. Google yenyewe inawataka wabunifu wa Wear OS wasiwashe zaidi ya asilimia 15 ya pikseli saa inapopumzika. Zamu nzima bila kuchaji ni jambo kubwa kwa mtu ambaye kibanda chake hakina stima.

Nikaona pia kwamba Mjomba anaishi katika hesabu mbili. Mwenzake wa geti la pili humuuliza kwa redio, naye hujibu saa nane, saa tisa. Lakini kitabu cha matukio hutaka 0200, 0300, na msimamizi hukikagua asubuhi. Nilikuwa nimekusudia kuifuta kabisa ile ya kigeni. Nikaiacha, ndogo, chini, upande wa kulia, mahali kalamu inapoanzia. Kiswahili kikakaa juu, kikubwa.

Majaribio yote nilifanya kwa karatasi kwanza. Nachapa sura kwa ukubwa wake halisi, naikata, naifunga mkononi kwa mpira, kisha natoka. Adhuhuri kwenye Kenyatta Avenue, jua likiwa kali, rangi nyingi zilizopendeza ndani ya nyumba hufa. Ya waridi ilikuwa ya kwanza kufa. Sikuisikitikia. Kila kitu kinachotoka Nakuru huwekewa heroe, na heroe wenyewe walipungua ziwani maji yalipopanda, wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Ziwa letu lina mengine ya kutazamwa. Nilimpa karatasi hiyo dereva wa bodaboda pia. Akishika usukani, mkono wake hulala upande, na tarakimu zinamfikia zikiwa zimeinama. Nikaongeza nafasi kati yake ili zisigongane, na zote nikazipa upana mmoja ili sura isitikisike kila 1 inapoingia.

Halafu yakaja maneno. Saa ya Kiswahili ikiandikwa tarakimu tupu haijakamilika, lazima useme ni ya lini: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Niliuliza watu wengi, na mgogoro wote ulikuwa kwenye saa moja. Wapo wanaosema ni saa moja jioni, wapo wanaosema ni ya usiku, na hakuna anayekubali kushindwa. Nikaliachia jua liamue. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo nilikuwa nimeishi nalo bila kulitazama: Nakuru jua halichomozi saa kumi na mbili. Saa ya Kenya inafuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo inapita Somalia, nasi tuko karibu na 36. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo kwa wastani jua hutuchelewea dakika 36. Hapa huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi hivi, kutegemea mwezi, na huzama kwa uchelewaji uo huo. Wakati wa ukoloni Kenya iliwahi kuwa na saa iliyokuwa nyuma ya hii ya leo kwa dakika 15, na kabla ya hapo kwa dakika 30. Mtu wa Bonde la Ufa alikuwa karibu zaidi na jua lake siku hizo. Hata hivyo jibu likapatikana. Ikifika saa moja, mwezi wowote wa mwaka, jua la Nakuru limeshazama. Sura yangu inaandika usiku.

Lililonichukua muda mrefu zaidi ni jina la siku. Mashine hubadilisha tarehe saa sita usiku, katikati ya zamu ya Mjomba, wakati yeye hajalala wala hajaamka. Mzee mmoja wa Bondeni, Mwislamu, aliniambia kwa upole kwamba kwake yeye Ijumaa huingia Alhamisi jua linapotua. Nilitafuta namna ya kuwaridhisha hao wawili na kalenda pia, nikachora sura zenye majina mawili, zenye mstari, zenye rangi mbili, zote zikawa na kelele. Jawabu lilikuwa redioni muda wote, kwenye taarifa ya habari: usiku wa kuamkia Jumanne. Kuanzia jua kuzama hadi kuchomoza, sura yangu sasa inaandika "kuamkia Jumanne," na usiku unabaki mmoja, haukatwi. Mzee wa Bondeni alitikisa kichwa kukubali. Mjomba alisema tu, "Ndiyo."

Baada ya hapo nikarudi kwenye mishale, kwa ajili ya wale wanaoipenda. Ningeweza kuugeuza mshale mfupi utazame upande wa pili. Niliuacha ulivyo, nikazungusha namba. Saa sita ikakaa juu, mahali pa jua la mchana, na 12 ikashuka chini, mahali kunapokucha na kunapokuchwa. Nilipoiona kwenye kioo nilisimama. Nimechora maelfu ya tarakimu maishani mwangu, na hii ndiyo kazi ya kwanza niliyoiona kwamba imepangwa na mahali ninapoishi, hapa karibu na ikweta ambapo mchana na usiku hugawana sawasawa mwaka mzima.

Sura ya tatu ilitoka Hyrax Hill, kilima kilicho njia ya Nairobi, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937. Kwenye mwamba wake kuna mbao za bao zilizochongwa jiweni, safu za vishimo ambavyo unaweza kuvisoma kwa kidole. Nilichora vishimo kumi na viwili. Kila saa inapotimia kete moja huangukia kishimo chake. Ya kwanza saa moja asubuhi, jua likiwa tayari limetoka, na ya mwisho saa kumi na mbili jioni. Kisha vishimo humwagwa, usiku huanza kujazwa upya. Kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane mchezo huo haungewezekana.

Sura za ndege bado ninazo sokoni, lakini sijaongeza nyingine. Siku hizi kompyuta huwashwa mwisho. Kwanza namtafuta mtu, naketi naye, namuuliza saa ngapi, natazama macho yake yanakwenda wapi kabla hajajibu. Tabaka zote kwenye programu nazipa majina ya Kiswahili, na nimeacha kabisa ile hesabu ya kutoa na kuvuka.

Binamu yangu wa Doha ameiomba sura ya babake. Saa za Qatar na za Kenya ni zilezile, lakini majua ni mbalimbali: mwezi wa Juni kwake jua huchomoza karibu saa kumi na moja kasorobo, Nakuru ikiwa bado gizani. Ikabidi niongeze orodha ili mvaaji achague ni jua la mji gani litakaloamua usiku wake. Kwa sasa ina Nakuru, Mombasa, Dar es Salaam, Doha na Maskati. Yeye alichagua Nakuru. Unaofuata ni mji wa Goma, ambao saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa moja na jua lake liko karibu zaidi na saa hiyo. Huko sina uhakika watu hutamka nini alfajiri, kwa hiyo nimempata muuza vitenge aliyezaliwa huko, na tumepanga kuketi Jumamosi, saa nne asubuhi, na karatasi zangu.