Pikapu Ilishuka, Presha Yangu Ikapanda

Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay ikamilike, kilomita 66 za kona na miteremko, baba watoto alikuwa na wimbo mmoja: tuishushe pikapu. Kweli, gari likiwa chini halilali sana kwenye kona. Nilichobisha ni pesa. Ilikuwa ada ya mtoto.

Akaenda kimyakimya kwa fundi, wakachomoa vyuma viwili vya springi kila upande wa nyuma. Rahisi, eti! Likiwa tupu lilikuwa bomba, jamani. Jumamosi tukapakia mahindi kwenda ziwani. Kwenye mteremko ekseli ikagonga chesisi kila tuta, pua juu, usukani mwepesi kama wa baiskeli. Ziwa Nyasa nililiona nimeng'ang'ania dashibodi.

Vyuma vile ndivyo vinavyobeba mzigo. Wenye springi chini ya ekseli huweka bloku katikati na boliti ndefu zaidi, vyuma vyote vikabaki. Hata hivyo nafasi ya ekseli kucheza hupungua, na sisi ni watu wa magunia.

Tukavirudisha, tukafunga shokapu mpya. Kona sasa anakata vizuri tu. Ada bado tunadaiwa, na funguo nalala nazo mimi.