Mahali Ninapopenda Kula Dar es Salaam

Sisi watu wa Iringa na Mbeya tukishuka Dar es Salaam huogopa mambo mawili: joto na chakula. Joto halina dawa. Lakini habari ya chakula nimeijua kidogo, kwa kuwa kazi za parokia zimenipeleka huko mara nyingi, nami nimeona vema kuwaeleza wale watakaokwenda kuuguza wagonjwa wao Muhimbili, au kuwatazama watoto wao waliohamia huko.

Wengi wetu husafiri na kapu: viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, pengine kuku mzima. Si vibaya. Kutoka Mbeya ni kama kilomita 830, kutoka Iringa karibu 500, na nauli imekwisha kula fedha. Ila ukishateremka Kitonga na kuingia joto la bonde la Ruaha, kapu huanza kunuka. Siku ya pili mtu hula mkate mkavu kwa kuogopa hoteli za mjini. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo safari ya kwanza. Nilipita mbele ya vibanda vya mama lishe nimeinamisha kichwa kama mdeni, nikidhani nitaulizwa jambo nisilolijua.

Siku hizi siinamishi kichwa. Jioni nikipata nafasi nakwenda ufukweni Coco Beach kula mihogo ya kukaanga. Muhogo tunaujua tangu utoto, lakini huko huupasua ukiwa moto, wakatia chumvi, pilipili na kachumbari, nawe unakula upepo wa bahari ukikupiga usoni. Urojo nao nimeuonja, ule mchuzi wa manjano wa Kizanzibari wenye ukali wa embe au ndimu, ndani yake viazi, bajia na vipande vya nyama. Wenyeji wanausifu sana. Mimi sijaupenda, nami sitajifanya.

Lakini mahali panapopita pote kwangu ni Feri, penye soko la samaki. Ukifika stendi kuu ya Mbezi, panda gari hata Kimara, na hapo panda mwendokasi. Teremka Posta ya Zamani, uingie kwanza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya mwaka 1897 na 1902, ushukuru kwa safari. Kisha fuata njia ya kando ya bahari hata Feri.

Soko hilo lilijengwa kwa msaada wa Japani, likafunguliwa mwaka 2002. Asubuhi samaki hupigwa mnada, na makelele yake ni makubwa kuliko ya mnada wetu wa ng'ombe. Utaona changu, nguru, kibua, pweza na dagaa. Vijana huparua magamba kwa malipo kidogo, na upande mwingine yapo makarai makubwa ya mafuta yanayochemka. Ukitaka, nunua samaki wako na umpeleke kukaangiwa. Sisi tuliozoea dagaa wakavu na samaki wa Mtera, Ijumaa ya Kwaresima mahali kama hapa si adhabu hata kidogo.

Sasa nitaeleza jambo ambalo mama mmoja wa kigango chetu, pamoja na binti yake, wameniruhusu kuliandika bila majina.

Binti huyo alichukuliwa miaka sita iliyopita kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani, kama mabinti wengi wa Iringa. Kila muhula alimtumia mama yake fedha kwa simu, ada ya mdogo wake. Kisha ikaja habari kijijini kwamba ameacha kazi, yuko Feri, “anauza”. Mnajua neno hilo likisemwa juu ya msichana wa mjini likaachwa hivyo bila kumaliziwa, watu hulimalizia wenyewe. Mama akaacha kukaa mbele kanisani. Nilipokuwa naondoka akaja ofisini, akasimama mlangoni, akasema, “Baba karani, kamtazame kwa macho yako. Uje uniambie anauza nini.”

Nilikwenda, nami nakiri niliogopa jibu. Nikazunguka vibanda nikiuliza. Mara nikasikia nyuma yangu, “Kamwene, Karani!” Kamwene, pale katikati ya wavuvi! Nikageuka, nikamwona amefunga kilemba na aproni, mwiko mkononi, sufuria mbele yake.

Alikuwa anauza wali na samaki. Wako watatu wanaoshirikiana: mmoja wa Mbeya, mmoja wa Tanga, na yeye. Huamka saa kumi alfajiri. Mmoja huenda mnadani, mmoja hukuna nazi, mmoja huwasha moto. Mchele wao ni wa Kyela, maharage ni ya Mbeya, viazi vya chipsi ni vya Njombe, na nyanya ni za Ilula. Nikaitazama ile sahani nikaona karibu yote imeteremka Kitonga kama mimi, isipokuwa samaki na nazi.

Mbona hakumwambia mama yake? Akajibu kwamba nyumbani kupika barabarani ni aibu, na kuwa mtumishi katika nyumba ya tajiri ni heshima, hata kama hulipwi miezi mitatu. Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa nimewahi kusema hivyo mwenyewe.

Kwa wale watakaokwenda, nawaambia niliyojifunza hapo. Tazama wanakokula makuli na madereva, kwa kuwa watu hao hawawezi kupoteza fedha wala kuugua tumbo. Tazama kama kuna maji ya kunawa na sabuni, na kama sufuria imefunikwa. Fika saa sita, chakula kingali moto. Uliza bei kabla ya kukaa, hakuna atakayekucheka. Sahani yangu ya wali na changu ilikuwa shilingi 3,000.

Niliporudi nilimkuta mama yule anapalilia. Nikamweleza yote, hata kilemba na mwiko. Akasikiliza ameegemea jembe. Kisha akauliza, “Na wewe chakula alikupa bure?”

Nikasema, “Hapana, mama. Alinitoza yote, akaniambia sufuria ni ya watu watatu.”

Mama akacheka mpaka akakaa chini penye tuta.