Dawa Mbili za Baba



Sisi ni watoto sita wa mzee mmoja wa Mahoko. Kabla ya kuandika haya tulimwomba baba ruhusa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andikeni, huenda likamfaa mwingine. Ila jina langu msilitaje." Basi hatulitaji.

Mwaka 2020 baba alitibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi huko Kigali, pamoja na sindano za kuzuia homoni ya kiume. Alhamdulillah, alipata nafuu na akarudi dukani kwake karibu na soko. Lakini mwaka 2023, miezi michache baada ya mafuriko ya mto Sebeya ya mwezi Mei, kipimo cha damu kiitwacho PSA kilianza kupanda. Picha zikaonyesha kuwa ugonjwa umerudi na umeingia kwenye mifupa.

Daktari alishauri arudi kwenye sindano, na safari hii aongezewe vidonge vya abirateroni vinavyomezwa pamoja na prednisoloni. Hapo nyumba yetu ikagawanyika. Baadhi yetu tulisema, "Sindano peke yake ilimchosha, sasa dawa juu ya dawa? Wanataka kumfanyia majaribio." Wengine tuliogopa gharama, ingawa hatukuthubutu kulisema hilo mbele yake.

Tulirudi kwa daktari kuuliza, na alitueleza kwa subira. Tangu mwaka 1941, utafiti wa Charles Huggins huko Chicago ulionyesha kuwa saratani hii hulishwa na homoni ya kiume. Sindano huzuia homoni inayotoka kwenye korodani. Lakini kiasi kidogo hutengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, na hata na saratani yenyewe. Sisi watu wa Sebeya tulielewa mara moja: ukiziba mfereji mmoja, maji hutafuta mwingine. Kazi ya kidonge ni kuziba ule mfereji wa pili.

Na majaribio? Kumbe yalishafanyika, na watu wengine walishajitolea kabla ya baba. Huko Uingereza, utafiti uitwao STAMPEDE ulianza mwaka 2005. Katika sehemu moja ya utafiti huo, wanaume 1,917 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa tiba ya kawaida ya kuzuia homoni, wengine tiba hiyo hiyo pamoja na abirateroni. Miongoni mwao walikuwamo waliorudiwa na ugonjwa kama baba. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Baada ya miaka mitatu, katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa zote, 83 walikuwa hai. Katika waliopewa tiba ya kawaida, 76. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaiingiza abirateroni katika orodha yake ya dawa muhimu.

Tofauti ya watu saba kwa mia ni ndogo kwa anayesoma karatasi. Kwa familia ambayo baba yao ni mmoja wa hao saba, ni kubwa sana.

Mdogo wetu anayesoma Kampala akatukumbusha kuwa kazi ya namna hii si ngeni hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1967 kilifunguliwa kituo pale Mulago cha kutibu watoto wenye saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Madaktari kama John Ziegler na Charles Olweny walilinganisha dawa moja na mchanganyiko wa dawa kadhaa, wakawafuatilia watoto hao hadi vijijini. Kituo hicho ndicho chanzo cha Taasisi ya Saratani ya Uganda. Yaliyojifunzwa kwa watoto wale yamewafaa wagonjwa wa nchi nyingine.

Baba akakubali. Tukachangishana, kila mmoja kwa uwezo wake.

Mwezi wa pili vipimo vya ini vikaja vibaya. Daktari akauliza kwa upole, "Mzee, kuna kitu kingine unachotumia?" Baba akatazama chini. Sisi pia tukatazama chini, kwa sababu tulijua. Jamaa zetu walikuwa wamemletea unga wa mizizi kutoka Goma, naye alikuwa akiukoroga kwenye chai kila asubuhi. Tuliona haya kumsema mzazi. Ni mama aliyefungua mkoba wake, akauweka ule mfuko juu ya meza.

Daktari hakumgombeza mtu. Alisema abirateroni yenyewe inaweza kulisumbua ini, na huo unga hakuna aliyeupima pamoja nayo. Mchanganyiko wa kwanza ulipimwa kwa watu wengi kwa miaka. Mchanganyiko wa pili tulikuwa tunaujaribu sisi wenyewe, kwa mtu mmoja, naye ni baba yetu. Wale tuliohofia majaribio ndio tuliokuwa tukiyafanya.

Vidonge vilisimamishwa kwa muda, ini likapona, akaanza tena. PSA imeshuka. Hajapona kabisa, na daktari hakutuahidi hivyo, lakini anakwenda msikitini kwa miguu yake.

Ndugu zetu, tunawausia machache. Mwambieni daktari kila kitu mgonjwa anachotumia, iwe mizizi, habasoda au asali. Ulizeni dawa humezwa saa ngapi: abirateroni humezwa tumbo likiwa tupu, hivyo Ramadhani isiingie kabla hamjaongea na daktari, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kutofunga. Na nyinyi vijana, heshima kwa mzazi isiwafanye mnyamaze. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.