Bibi Hakufika Kampala

Katika ukoo wetu, Bibi alipanda vyeo zaidi baada ya kustaafu kuliko alipokuwa jeshini. Alitoka na ukoplo wake. Sisi wajukuu wa mwanzo tulimjua hivyo, koplo wa stoo. Waliotufuata waliambiwa alikuwa sajini. Hatimaye kitukuu mmoja akaandika kwenye insha ya shule kwamba bibi yake alimkimbiza Idi Amin mpaka Kampala, na mwalimu akampa alama zote.

Alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa miaka ya 60, wakati JKT yenyewe haijamaliza hata miaka mitano tangu ianzishwe mwaka 1963. Msichana kuvaa kaptura na kukimbia mchakamchaka na wavulana ilikuwa aibu kijijini, na baba yake hakumsemesha mpaka siku alipoona mshahara wa kwanza. (Mzee yule alikuwa na msimamo, ila msimamo wenye bei.) Kutoka JKT akaingia Jeshi la Wananchi, JWTZ, akapangiwa kambi ya Tabora, stoo ya mavazi.

Majeshi ya Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi letu likaongezwa haraka kwa mgambo na vijana wa JKT mpaka likapita watu 100,000. Watu wote hao wana miguu. Tabora ndipo Reli ya Kati inapoachana, tawi moja likielekea Mwanza, na waliokuwa wakienda ziwani walipita hapo. Buti namba 8, Bibi alituambia, ndizo zilizokwisha kwanza. Alimkumbuka mgambo mmoja, kijana mwembamba aliyefika na kandambili, akapewa namba 10 kwa sababu ndiyo iliyobaki. Akachana gazeti, akalisokota, akalishindilia mbele ya vidole, akapiga hatua mbili kujaribu. Kisha akaweka dole gumba kwenye leja, maana hakujua kuandika. Katika leja kulikuwa na safu ya vifaa vilivyorudishwa. Bibi alisema mbele ya dole lile safu hiyo ilibaki tupu, akaishia hapo.

Miaka ya 80 hadithi hiyo haikuwa na soko. Mtaani kwetu walikuwepo waliovuka mpaka wa Mutukula kwa miguu yao, wakaiona Masaka ikiungua. Karani wa buti nani angemsikiliza? Lakini leja ilihamia nyumbani. Babu alifariki mapema, na Bibi akaiendesha familia kwa daftari la kaunta lenye jalada gumu. Ukiazima panga, unasaini. Ukipewa ada, unasaini. "Mume wangu," aliniita hivyo kama mabibi wanavyoita wajukuu wa kiume, "mapenzi yapo, lakini tia saini." Mwaka 1983, kwenye ule msako wa wahujumu uchumi, watu walitupa redio na mabunda ya khanga mitaroni usiku. Bibi alilala fofofo, kwa kuwa kila kilo ya sukari ndani mwake ilikuwa na tarehe.

Vikao vya mahari, viwanja, michango ya harusi, vyote vilipita kwenye daftari hilo. Mjomba mmoja, mtu mzima na mvi zake, alinyimwa neno kwenye posa ya bintiye mwenyewe mpaka aliporudisha mifuko miwili ya saruji aliyoazima.

Kilichobadilisha mambo ni shule na televisheni. Watoto walisoma Vita vya Kagera, wakatazama gwaride la Siku ya Mashujaa kila Julai 25, wakaja mbio uani.

"Bibi, ulipiga risasi ngapi?"

"Nilipiga mihuri."

Walicheka, wakauliza tena mwaka uliofuata. Uzee ulipomzidi aliacha kusahihisha. "Waacheni wafurahi," alisema, na wanangu wakaondoka na bunduki ambayo hakuwahi kukabidhiwa. Mimi sikufurahi. Wapiganaji tunao wengi wa kuwasimulia; yule aliyejua nani aliondoka na kiatu kisichomtosha tulikuwa naye mmoja tu, tena ndani ya nyumba.

Msibani, binamu yangu alisoma wasifu wa marehemu. Alipofika Aprili 11, 1979, Bibi akaingia Kampala pamoja na vikosi vya mbele. Turubai zima likatikisa vichwa kwa heshima. Hapo akainuka jirani yetu, Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi kindakindaki, kavaa sweta la marehemu, daftari kwapani. Akapita mkeka kwa mkeka akiwadai waombolezaji saini za vikombe vya chai. Akafika kwa binamu, akafungua kurasa, akalamba kidole kama Bibi.

"Hiyo bunduki unayosema, mbona humu haimo? Nani alimpa? Saini hapa."

Waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakashika mbavu. Binamu akatoa kalamu mfuko wa shati, akasaini.