Maji Kichwani, Uvimbe Kiunoni

4 Machi
Mama Mkubwa amelazwa tena. Kichwa kinampasuka alfajiri, anatapika. CT scan imeonyesha vyumba vya maji ya ubongo vimetanuka, lakini hakuna kilichoziba njia. Usiku, nikimpeleka msalani, nimeona mguu wa kushoto unaburuta. "Mgongo ndio ulianza, mwanangu, tangu mwaka jana." Huko alikotibiwa alipewa vidonge vya maumivu, basi.

6 Machi
Uuguzi wangu wote sikuwahi kuuhusisha mgongo na maji ya kichwani. Nimesoma hadi usiku wa manane. Mwili hutengeneza takriban nusu lita ya maji hayo kwa siku, na yaliyomo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Yasiponyonywa kurudi kwenye damu, yatajaa. Kawaida protini yake ni kama gramu 0.45 kwa lita au pungufu. Uvimbe ukiziba mfereji wa uti wa mgongo, protini hupanda mno, hata maji huwa ya manjano na kuganda yenyewe. Georges Froin, daktari Mfaransa, alilieleza hilo mwaka 1903. Protini hiyo inadhaniwa kuziba vinyweleo vya kunyonyea maji juu ya ubongo, kama uji mzito kwenye chujio. Uvimbe mwingine huvuja damu au kusambaza seli zake. Uvimbe wa mgongo kujaza maji kichwani ni nadra. Lakini huyu ni Mama Mkubwa.

11 Machi
MRI ya mgongo mzima: uvimbe upo, ndani ya mfereji, kiunoni. Daktari amekataa kuchoma sindano ya kutoa maji mgongoni. Yakitolewa chini ya kizuizi, uvimbe unaweza kusogea na miguu ikapooza.
"Hatuanzi na shanti, ule mrija wa kutoa maji kichwani, Daktari?"
"Macho yake bado yanaona vizuri, dada. Tunatoa uvimbe kwanza. Kuona kukianza kufifia, shanti inaingia usiku huohuo."

29 Machi
Uvimbe umetolewa, patholojia imesema ni ependimoma. Kichwa kimetulia, ameomba ugali na mlenda. Mguu bado mzito. Wapo ambao maji hayapungui hata uvimbe ukitoka, kwa hiyo tunaendelea kumwangalia.

Jumatatu nitasimama kwenye kikao cha wodi yetu niwaombe wenzangu: mtu mzima akija na maji kichwani yasiyo na sababu, tumuulize mgongo, tumtazame akitembea, na tumwombee picha hadi kiunoni.