Mashine Yenye Kigugumizi

Katika vitu vyote nilivyopata kumiliki, hakuna kilichonifunza subira kwa ukali kama kompyuta ndogo niliyoinunua mwaka 2019, ikiwa imekwisha tumiwa na watu wengine miaka saba. Nalikuwa nimeweka akiba ya fedha ya majani chai, shilingi juu ya shilingi, kwa nia moja tu: kurekodi muziki nyumbani. Kwetu ni mwendo mfupi kutoka Chepilat, soko lililo katika barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii, mpakani pa Bomet na Nyamira. Upande mmoja wa barabara utasikia Kikipsigis, upande wa pili Kikisii, na katikati, penye mizani ya viazi na vijana wa bodaboda, Kiswahili ndicho hakimu.

Chumba changu cha kulala nilikigeuza kuwa chumba cha muziki. Nalitundika mablanketi mawili ukutani kuzuia mwangwi, nikaiweka maikrofoni juu ya kigoda na mashine juu ya meza. Adui wa kwanza alikuwa mabati. Katika nchi hii ya chai mvua hupenda kunyesha alasiri, na mvua juu ya mabati haimwachii mtu nafasi ya kuimba, kwa hiyo kazi yetu yote ilifanywa asubuhi. Adui wa pili alikuwamo ndani ya mashine yenyewe, nami sikumtambua upesi.

Mtu niliyetamani kumrekodi kuliko wote ni babu yangu mzaa mama, ambaye hupiga chepkong, kinubi cha Wakipsigis. Huenda msomaji amesikia habari za Hugh Tracey, aliyekuja Kapkatet mwaka 1950 akarekodi nyimbo za Wakipsigis, na mojawapo ikawa ule wimbo wa “Chemirocha”, uliotungwa juu ya mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hata huku. Rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes, na baada ya miaka zaidi ya sitini nakala zake zilirejeshwa Kapkatet. Babu husema kwamba siku Mzungu yule alipofika, yeye alikuwa akichunga ng'ombe. Husema hivyo kwa uchungu kidogo, kama mtu aliyekosa gari la abiria na hajalisamehe mpaka leo. Basi mimi nalijiona kuwa ndimi gari la pili.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, 2021, alikuja na kinubi chake, akaketi, akaimba wimbo wa ng'ombe mwekundu wa baba yake. Aliimba dakika sita bila kusita. Sijapata kumsikia akiimba vile kabla ya siku ile. Alipomaliza nilifungua faili tusikilize pamoja, na mara nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika, kisha neno limekatika katikati. Mlio ule ukarudi tena, na tena. Nilihesabu mikatiko tisa.

Babu aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho. “Mashine yako ina kigugumizi, mjukuu wangu,” alisema. “Au inaniogopa?”

Nilimwomba aimbe tena. Alinionyesha vidole vyake, ambavyo baridi yabisi imevipinda, akasema vitakuwa tayari siku nyingine.

Jambo nililolifanya baada ya hapo nalieleza kwa aibu. Nilitafuta katika intaneti programu iliyojigamba kwamba itaiongezea kompyuta mwendo kwa kubonyeza mara moja. Niliiingiza. Tangu siku hiyo mashine ilichukua dakika saba kuamka badala ya tano, kwa kuwa sasa ilikuwa na mpangaji mmoja zaidi wa kulisha.

Ndipo nilipovuka barabara kwenda kwa fundi. Fundi huyu ni Mkisii, na kibanda chake kiko upande wa pili. Nataja jambo hili kwa sababu mpaka huu uliona mapigano mwaka 1992, na tena mapema mwaka 2008, na katika nyumba yetu wako watu ambao hata leo hununua sukari upande wetu tu. Mama aliniuliza kama hapakuwa na fundi karibu zaidi. Nalimjibu kwamba barabara ina upana wa hatua kumi na mbili.

Fundi hakuiwasha mashine. Aliipindua kwanza, akafungua misumari, akaniita nitazame. Vumbi lilikuwa limeshikamana mbele ya feni mithili ya kipande cha blanketi. Alinieleza kwamba prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe ili isiungue. Ile dawa ipakwayo kati ya prosesa na chuma cha kuipoza ilikuwa imekauka ikapasuka kama tope la kiangazi. Aliikwangua, akapaka mpya, akapuliza vumbi lote nje. “Ulikuwa ukimkimbiza mtu aliyefungwa kitambaa puani,” alisema.

Kisha akaiwasha, akanionyesha orodha ya programu zilizokuwa zikianza kazi kila mashine ilipoamka. Zilikuwa ishirini na tatu. Nyingine zilikuwa za watu waliomiliki kompyuta ile kabla yangu, na mojawapo ilikuwa ikitafuta bila kuchoka printa ambayo haikuwako. Tulizizuia zote ila nne. Diski ilikuwa imejaa filamu hata ukingoni, nikazihamisha. Kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile iitwayo RAM, ilikuwa GB 2 tu, na ilipojaa mashine ililazimika kuweka sehemu ya kazi yake katika diski, ambayo ni chuma kinachozunguka na haiwezi kamwe kushindana na kumbukumbu kwa wepesi. Alinitafutia kipande kilichotumika cha GB 4 kwa shilingi elfu mbili na mia tano. Diski isiyozunguka, aina ya SSD, ingalikuwa bora zaidi, lakini mfuko wangu ulikuwa umekwisha kusema neno lake la mwisho.

Nilidhani tumemaliza. Nalirudi nyumbani, nikarekodi sauti yangu mwenyewe, na mikatiko ikawa michache, lakini haikukoma. Kesho yake nilivuka tena.

Safari hii fundi aliomba kuona programu ya kurekodia, akatazama mahali pamoja ambapo mimi nilikuwa nimeandika namba 64. Akaniuliza, “Wewe si mtoto wa chai? Nikueleze kwa chai.” Sauti, alisema, huingia katika kompyuta kama majani. Kila sekunde moja huchumwa sampuli 44,100. Sampuli hizo hutiwa katika kikapu, na kikapu kikijaa hupelekwa kwa karani wa mizani, ambaye ni prosesa. Kikapu changu kilikuwa cha sampuli 64, kwa hiyo karani alilazimika kupima vikapu karibu 689 kila sekunde. Akigeuka kidogo tu kumjibu mtu mwingine, majani humwagika chini, na majani yaliyomwagika ndiyo ule mlio wa kijiti. Kikapu kikiwa cha sampuli 1,024 atapima mara 43 tu, naye atapata hata nafasi ya kupiga chafya.

“Mbona basi watu wote hawatumii kikapu kikubwa?” niliuliza.

“Kwa sababu kikubwa hukawia kujaa. Mwimbaji anayejisikia mwenyewe kupitia kompyuta, kwa visikizi, huisikia sauti yake ikiwa imechelewa, akapotea. Babu yako huvaa visikizi?”

“La. Hataki hata kuvishika.”

“Basi haraka hii ilikuwa ya nani?”

Sikuwa na jibu. Nalikuwa nimesoma mahali kwamba namba ndogo ndiyo ya mwendo wa kasi, nami, kwa kuwa nilitaka kasi, nikachagua ndogo kuliko zote. Mzee aliyekuwa akiimba mbele ya maikrofoni hakuhitaji kasi hiyo hata chembe. Mimi ndimi niliyeilazimisha mashine dhaifu kukimbia mbio ambazo hapana mtu aliyezitaka, nayo ikamwaga majani ya babu.

Tangu hapo nina desturi. Kwa babu natumia 1,024. Binamu yangu akija na gitaa lake na visikizi, nashusha hadi 128, ambayo humchelewesha kwa elfu tatu tu za sekunde katika kikapu kimoja, nazima mtandao, na kuhakikisha mashine imechomekwa katika umeme, maana ikitegemea betri hupunguza mwendo kwa kujihurumia. Na umeme ukikatika, twanywa chai.

Babu alirudi mwezi wa Septemba. Alitazama mashine kwa mashaka, akaketi, akaimba wimbo wa ng'ombe mwekundu mwanzo hata mwisho. Hapakuwa na mkatiko hata mmoja. Nalitaka kupiga kelele kwa furaha, lakini niliposikiliza tena niligundua kwamba wimbo ulikuwa mfupi. Beti za mto, zile zilizonipendeza kupita zote mwezi wa Mei, hazikuwamo. Nikamwuliza.

“Siku ile ng'ombe alivuka mto,” alisema. “Leo hakuvuka.”

Alieleza kwamba beti zile hakuzipanga kabla, zilikuja zenyewe asubuhi ile, naye hazikumbuki sawasawa. Nikampelekea fundi faili ya Mei. Aliisikiliza mara mbili. Mikatiko minne kati ya ile tisa imeangukia beti za mto, na sampuli zilizokosekana pale hazikupata kuingia katika diski, hivyo hapana kitu cha kurudisha. Aliweza kupunguza ukali wa milio, lakini maneno hayakurudi.

Ninazo faili zote mbili, ya Mei na ya Septemba, katika kompyuta na katika diski nyingine niliyoifunga kwa nailoni dhidi ya unyevu. Wakati mwingine jioni babu huomba nimchezee ile ya Mei. Penye mkatiko hunyanyua mkono, hutamka neno analodhani lilikuwapo, kisha hutikisa kichwa na kujaribu jingine.