Meseji Iliyokwenda kwa Dada wa Kazi

Msomaji wangu, mimi kazi yangu ni tarehe. Kila mwezi nawafukuza waandishi: makala iko wapi, picha ziko wapi, mchapaji anasubiri! Ofisini wamenibatiza Mama Dedilaini. Sasa ngoja nikupe kisa cha tarehe niliyoikosa mimi mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, niko saluni, simu ikaita. Alikuwa dada aliyetusaidia kulea mwanetu, ambaye alikuwa amesharudi kwao Singida miezi mitano nyuma.

"Shikamoo dada. Samahani, nimepata meseji ya kliniki. Wanasema mtoto hajachomwa sindano ya miezi 18. Au mlimpeleka kwingine?"

Mtoto alikuwa na miezi 20. Nikamjibu, "Ahsante mdogo wangu, ngoja nifuatilie," kisha nikabaki nimeduwaa na dawa kichwani.

Unajua kwa nini meseji ilimfikia yeye? Chanjo za wiki ya 6 na ya 10 nilimpeleka mwenyewe, nikiwa likizo ya uzazi. Lakini likizo yenyewe ni siku 84, yaani wiki 12 tu. Ya wiki ya 14 ikanikuta nimesharudi kazini, akaenda dada. Ya miezi 9, dada tena. Muuguzi alipotaka namba ya simu, akaandika ya yule aliyembeba mtoto. Ungekuwa wewe ungeandika ya nani?

Jioni hiyo nyumbani hapakukalika.

"Nilidhani wewe ndiye unayefuatilia," mume wangu akasema.

"Na mimi nilidhani zimeisha miezi 9!"

Wote wawili tuna digrii zetu ukutani, lakini kadi ya kliniki tuliikuta kwenye droo, chini ya risiti za Luku. Surua na rubella, dozi ya pili, miezi 18: pako patupu.

Dozi hiyo ya pili ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2014, na haikuwekwa kwa ajili ya kutusumbua. Ile ya miezi 9 huwakinga takriban watoto 85 kati ya 100. Wanaobaki wako wazi, na huwezi kujua kama wako yumo kwa kumtazama tu usoni. Dozi ya pili ndiyo huwadaka wengi wao. Na surua haina mchezo, ndugu yangu: virusi vyake huweza kukaa hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Sisi mwanetu alikuwa anashinda na watoto wenzake 12 kila siku, tumemlipia ada na kumnunulia begi!

Je, kukumbushwa kunasaidia? Huko Siaya, Kenya, watafiti walijaribu, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Kwa familia ambazo hazikutumiwa kitu, watoto 82 kati ya 100 walikamilisha chanjo zao. Meseji peke yake ilisogeza mambo kidogo tu. Meseji pamoja na shilingi 200 za Kenya kwa kila chanjo iliyowahiwa ilifikisha 90. Kwangu mimi somo ni hili: meseji haibebi mtoto. Lazima imfikie mtu mwenye nafasi ya kuinuka na kwenda.

Jumatatu tuliomba ruhusa kazini, tukaenda wote. Nilijiandaa kufokewa. Muuguzi akaitazama kadi, akatabasamu. "Mmechelewa, ila hatuanzi upya mama. Tunaendelea pale tulipoishia." Sindano moja, kilio cha dakika moja, basi.

"Hii namba ya simu niibadilishe?" akauliza.

Mume wangu akaniwahi. "Andika yangu."

"Na yangu," nikasema. Nikafikiri kidogo, nikaongeza: "Ya dada usiifute."

Jioni nilimpigia simu Singida, nikamshukuru vizuri, na kumtumia ya soda.

Mapenzi si maua na chakula cha jioni peke yake. Leo kabla hamjazima taa, muulize mwenzako: kadi ya mtoto iko wapi, na kliniki wameandika namba ya nani? Kama mtaanza kutazamana, kesho pitieni kliniki.